Sura ya Nne: Mlango wa Maji

Wageni wengi wakiingia Fort Jesus, Mombasa, hupanda moja kwa moja kwenye mizinga ili wapigwe picha bahari ikiwa nyuma yao. Mimi hushuka kwanza. Upande wa bahari kuna njia iliyotobolewa ndani ya mwamba wa matumbawe, yenye matao, inayoteremka kutoka uani mwa ngome kuelekea majini. Humo ndani kuna ubaridi hata saa saba ya mchana. Ukipitisha kiganja ukutani kinarudi na unyevu na vumbi jeupe, na masikio husikia mawimbi kabla macho hayajayaona. Haina nakshi wala maandishi ya sifa kama lango kuu. Ilitengenezwa ili watu na mizigo vipite bila kuonwa na aliye mjini.

Tarehe 13 Machi 1696 merikebu za Imam Saif bin Sultan wa Oman ziliingia Mombasa zikiwa na watu wapatao 3,000. Ndani ya ngome kulikuwa na askari wa Kireno ambao hawakufika mia moja, pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao, na wake na watoto waliokimbilia humo. Kwa hesabu ya kawaida shughuli ile ingekwisha kabla ya mvua za masika. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698. Ni miezi 33 kamili, bila kupungua hata siku moja.

Swali langu katika sura hii ni moja: vita vinakwamaje namna hiyo? Jibu linalotolewa haraka ni ukuta. Ukuta una sehemu yake, nami nitaanza nao, lakini kadiri ninavyozidi kuisoma habari ya Mombasa na kuilinganisha na vita vya Ulaya vya zama hizohizo, ndivyo ninavyoamini kwamba ukuta hueleza nusu tu. Vita vya wakati ule vilikwama pale chakula cha upande mmoja kilipokutana na ukuta wa upande wa pili, na vilikwamuka siku mlango wa mwisho wa kuingizia chakula ulipofungwa.

Tuanze na huo ukuta. Mwaka 1494 Mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa aliivamia Italia akiwa na mizinga ya shaba nyeusi iliyokokotwa na farasi, yenye kutupa risasi za chuma badala ya mawe. Miji ya Italia ilikuwa na kuta nzuri za kale, ndefu na nyembamba, zilizojengwa kwa ajili ya adui mwenye ngazi na mishale. Mbele ya mizinga ile urefu uligeuka kuwa aibu. Kadiri ukuta ulivyokwenda juu ndivyo ulivyokuwa shabaha kubwa, na ulipopigwa chini uliporomoka wote, kifusi chake kikaziba handaki na kumtengenezea adui ngazi ya kupandia. Ngome zilizokuwa zikistahimili miezi zilianza kuhesabu saa.

Hali hiyo haikudumu. Miaka sita baadaye, mwaka 1500, watu wa Pisa waliposhambuliwa na Florence kwa msaada wa Wafaransa, hawakungoja ukuta wao uvunjwe. Nyuma yake walichimba handaki na kuurundika udongo wake kuwa boma la pili. Wafaransa walibomoa ukuta wa mawe kama walivyozoea, wakaingia kwa kishindo, wakajikuta wamesimama ukingoni mwa shimo huku wakitazamana na bunduki. Shambulio likashindwa. Udongo haupasuki kama jiwe. Risasi ya mzinga huzama ndani yake ikanyamaza.

Wahandisi wa Italia walilichukua somo hilo na kuongeza lingine, ambalo ndilo hasa lililobadilisha vita. Mnara wa duara una kasoro moja mbaya: aliye juu hawezi kumwona adui aliyefika miguuni pake. Adui akishafika pale, anaweza kuchimba msingi kwa nafasi. Ukiinama ili umpige, unajiweka wazi mwenyewe. Dawa ikawa kuondoa duara na kujenga buruji yenye pembe kali kama ncha ya mkuki, ikichomoza nje ya ukuta, na nyingine kama hiyo kwenye kona inayofuata. Ubavu wa kila buruji unatazamwa na mizinga iliyojificha kwenye buruji jirani. Hakuna tena mahali pa kujibanza. Popote unaposimama mguuni pa ukuta, kuna mtu ubavuni mwako anayekuona vizuri kuliko aliye juu ya kichwa chako.

Fort Jesus ni mtoto halali wa mawazo hayo. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano, aliyekuwa mhandisi mkuu wa ngome za Ureno katika Bahari ya Hindi. Ujenzi ulianza mwaka 1593. Alizipa pembe nne buruji nne: S. Filipe na S. Alberto zikitazama nchi kavu, S. Matias na S. Mateus zikitazama bahari. Nakushauri ukifika uzunguke kwa nje, ushuke usawa wa handaki lililochongwa ndani ya mwamba, usimame kwenye kona yoyote inayoonekana kuwa salama, kisha ugeuze uso pole pole. Kila mara utakuta ukuta mwingine unakukodolea macho. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilihisi baridi mgongoni, ingawa palikuwa na jua kali na watoto wa shule wakipiga kelele juu yangu.

Nguvu ya mchoro huo ilithibitishwa na Wareno wenyewe, kwa uchungu. Agosti 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa, India, na kubatizwa jina la Dom Jerónimo, aliwageuka, akamuua kapteni na kuiteka ngome kutoka ndani. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Wareno walileta kikosi kutoka India kuikomboa. Waliizingira ngome waliyoijenga wenyewe, waliyoijua kila jiwe, na walikwenda zao mikono mitupu. Waliipata tena baada ya Yusuf kuamua mwenyewe kuiacha na kuondoka kwa merikebu.

Kwa hiyo ukuta ulikuwa mgumu. Lakini ukuta haupiki ugali. Ili kuona kinachofanya vita vikwame miaka badala ya wiki, inabidi twende kwenye uwanja mkubwa zaidi wa ngome kama hizi, Uholanzi na Flandria. Hatutoki nje ya habari yetu. Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Ureno wakati Fort Jesus inajengwa, na miaka hiyohiyo alikuwa amezama katika vita dhidi ya Waholanzi waliomuasi. Vita hivyo vilianza 1568 na kumalizika 1648.

Sisi tunaposikia mstari wa mbele, picha inayokuja ni ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: mahandaki mawili yanayotazamana yakipita nchi nzima. Karne ya 16 na 17 hapakuwa na serikali yenye watu wa kutosha kujaza mstari wa namna hiyo. Jeshi la watu 30,000 lilihesabiwa kuwa kubwa sana, na watu 30,000 ni mji mzima, isipokuwa mji huu hauna mashamba na unatembea. Askari mmoja alipaswa kupewa mkate wa karibu gramu 700 kwa siku. Zidisha uone: ni tani 21 za mkate kila uchao, bila kutaja nyama, pombe, kuni, wala majani ya farasi, ambayo ndiyo mzigo mzito kuliko yote. Mkate huo ulisafiri kwa mashua mtoni au kwa mikokoteni kwenye njia za matope. Jeshi lilikwenda pale mto ulipokwenda.

Sasa weka ngome moja yenye buruji kwenye ukingo wa mto huo, na ndani yake askari 800. Wao hawawezi kulishinda jeshi la 30,000. Lakini jeshi likiwapita na kusonga mbele, watatoka usiku na kuchoma mikokoteni ya mkate nyuma yake. Huwezi kuwapita, na ili usiwapite lazima usimame uwazingire. Kuzingira kunachukua miezi mitatu, minne, sita. Ukimaliza, msimu wa vita umekwisha, mvua na baridi zimeingia, na siku chache mbele kuna ngome nyingine.

Hivyo ndivyo mstari wa mbele ulivyojitengeneza, bila mtu kuuchora. Ulikuwa mlolongo wa miji yenye buruji, mito na vinamasi katikati yake, na vikosi vidogo vilivyokwenda kuibiana ng'ombe na kutoza vijiji kodi. Kila upande ulilazimika kuweka watu katika kila tundu. Mwaka 1639 jeshi la Hispania katika Flandria lilikuwa na watu wapatao 77,000, na zaidi ya 33,000 kati yao walikuwa wametawanywa katika ngome na miji zaidi ya 200. Jeshi lenye nguvu kuliko yote Ulaya lilikuwa limejigawa likawa vipande vya kulindia milango. Ukitazama ramani ya leo, mpaka wa Uholanzi na Ubelgiji kwa sehemu kubwa unafuata mahali mlolongo ule ulipokwama.

Askari katika ngome hizo walikuwa wakidai mishahara ya miezi, wengine ya miaka. Mfalme Felipe alishindwa kulipa madeni yake mwaka 1575, na mwaka 1576 askari wake wenyewe waliuvamia na kuupora mji wa Antwerpen, mji wa upande wao. Anayefikiri mkwamo ni hali ya utulivu asome habari za Antwerpen.

Kuna mzingiro mmoja wa vita hivyo ambao kila nikiusoma nauona kama ndugu wa ule wa Mombasa. Ni wa Oostende, mji mdogo wa wavuvi ufukweni mwa Flandria. Ulizingirwa na Wahispania Julai 1601, ukaanguka Septemba 1604. Wahispania waliuzunguka upande wote wa nchi kavu, wakachimba, wakapiga mizinga mchana na usiku. Lakini bahari ilibaki wazi. Maji yalipojaa, mashua za Waholanzi ziliingia na unga, baruti, na askari wapya, na zilipotoka zilibeba majeruhi. Kikosi cha ulinzi kilibadilishwa kama zamu ya kiwandani. Mji ulibomolewa hadi ukabaki vifusi, wakajenga boma jipya kwa vifusi hivyohivyo, wakapigana nyuma yake. Waliokufa pande zote mbili walifika makumi ya maelfu, kwa sababu ya mji ambao ungeuzunguka kwa miguu bila kutoka jasho.

Miongoni mwa wahandisi wa Kihispania pale alikuwako Mtaliano mwingine, Pompeo Targone, mtu wa mitambo. Alitambua kwamba shida ni mlango wa maji, akabuni vyombo vya ajabu vya kuuziba, likiwemo daraja kubwa la magurudumu. Havikufua dafu. Mji ulichukuliwa hatimaye na Ambrogio Spinola, tajiri wa Genoa aliyetumia mali yake mwenyewe kuwalipa askari, akausogelea hatua kwa hatua hadi watetezi wakakosa ardhi ya kusimamia. Wakati huo Waholanzi walikuwa wameshateka Sluis, bandari jirani iliyo bora zaidi, hivyo hata ushindi wenyewe ulikuwa na ladha ya majivu.

Targone tunamkuta tena miaka zaidi ya ishirini baadaye huko La Rochelle, bandari ya Waprotestanti wa Ufaransa, akimfanyia kazi Kardinali Richelieu. Tatizo lilikuwa lilelile, na mitambo yake ikashindwa tena. Lakini Richelieu hakukata tamaa na wazo. Aliwapa kazi wengine, Clément Métezeau na Jean Thiriot, ambao waliacha ubunifu wa mitambo wakafanya jambo la kishamba: walizamisha mashua zilizojaa mawe na kujenga ukuta baharini wenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu, ukikatiza ghuba yote. Merikebu za Waingereza zilikuja mwaka 1628 na chakula, zikautazama ukuta huo, zikarudi. Mji ulikuwa na watu wapatao 27,000. Uliposalimu amri Oktoba 1628 walibaki kama 5,000. Kuta zake zilikuwa bado zimesimama.

Mtu akitaka kuuelewa mzingiro wa Mombasa, aziweke Oostende na La Rochelle pembeni yake. Tofauti ya miji hiyo miwili ni ukuta wa mawe ndani ya maji. Jiulize tu nani angejenga ukuta wa namna hiyo katika mlango wa bandari ya Mombasa, penye kina kirefu na mkondo mkali, chini ya mizinga ya ngome.

Haikuwezekana. Badala yake bahari ya Mombasa ilikuwa na bawabu wake, naye alikuwako tangu kabla ya Wareno na Waomani. Mswahili wa pwani hahitaji kuelezwa habari za pepo za kaskazi na kusi, lakini zinahitaji kuelezwa kwa ajili ya vita hivi, maana zimesahauliwa katika masimulizi mengi. Chombo cha kutoka Maskati au Goa huja na kaskazi, kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Chombo cha kutoka Msumbiji huja na kusi, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba. Nje ya hapo unapambana na upepo usoni. Ukikosa msimu umekosa mwaka.

Sasa zipange tarehe za mzingiro uone. Waomani walifika tarehe 13 Machi, mkiani mwa kaskazi. Msaada wa kwanza mkubwa wa Wareno ulitoka Goa na ukatia nanga siku ya Krismasi ya 1696, kaskazi ikiwa imeanza. Msaada wa pili ulitoka Msumbiji na kufika katikati ya Septemba 1697, kusi ikikaribia kufa. Wa tatu ulitoka Goa tena, ukafika mwishoni mwa Desemba 1697. Vita vilipumua na pepo. Goa ilipojua shida ya ngome, habari ilikuwa imeshapitwa na miezi. Ilipotuma watu, watu walifikia hali nyingine kabisa.

Waomani nao walikwama kwa namna yao. Walikuwa na kisiwa na mji, na walikuwa na marafiki, hasa mji wa Pate. Watu wa Mombasa walikuwa wakiomba msaada wa Oman tangu miaka ya 1650, Waomani walipoonyesha kwa kuiteka Maskati kwamba Mreno anaweza kufukuzwa. Kwa hiyo hawakuwa na njaa. Walichokosa ni namna ya kuuvunja ukuta na namna ya kuziba bahari. Merikebu za kivita za Wareno zilikuwa na mizinga mingi, na mwezi wowote upepo ukiruhusu zingeweza kusogea chini ya kivuli cha ngome na kuteremsha mizigo ufukweni. Upande wa pili, Malkia wa Unguja, aliyekuwa rafiki wa Wareno, alipeleka chakula kwa waliozingirwa. Baada ya vita Waomani walimchukua na kumweka uhamishoni miaka mingi kwa kosa hilo. Ungekuwa ukuta peke yake, yeye asingeadhibiwa. Walijua kilichovirefusha vita.

Kilichofuata Januari 1697 hakikupangwa na mtu. Maradhi yalilipuka ndani ya ngome. Watu mamia walibanwa katika ua ule mdogo, maji ya birika, chakula cha safari kilichokaa shehenani, joto la kaskazi, maiti zisizo na pa kuzikwa ila humo humo. Merikebu za msaada zilikuwa zimeshateremsha askari na kwenda zao Msumbiji. Askari wapya waliokuja kuokoa ngome waliongeza midomo na miili ya kuugua. Hapo ndipo unapoona sura mbaya ya mlango wa maji. Mlango unaoingiza unga huingiza pia sababu ya kuendelea kufa. Laiti usingekuwako, wangesalimu amri mwaka wa kwanza na wengi wangepona.

Kapteni wa kwanza, João Rodrigues Leão, alikuwa amekufa kabla ya mwaka 1696 kwisha. Aliyemfuata, António Mogo de Mello, alikufa tarehe 28 Agosti 1697. Hapo pakatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote, na bado katika vitabu vingi linapewa mstari mmoja. Hakukuwa tena na afisa wa Kireno wa kushika ngome. Amri ikaenda kwa Sheikh Daud wa Faza, Mswahili wa kisiwa cha Pate. Alikuwa na jamaa zake wapatao kumi na saba, wanaume wa Kiafrika wanane, na wanawake wa Kiafrika wapatao hamsini. Hao ndio waliokuwa Fort Jesus.

Tusimame hapo kidogo. Ngome iliyochorwa na Mtaliano kwa amri ya Mfalme wa Hispania, iliyopewa jina la Yesu, ikizingirwa na Imam wa Oman, inashikwa na Mwislamu wa Faza na wanawake hamsini ambao hakuna aliyejishughulisha kuandika majina yao. Kwa nini Sheikh Daud hakufungua lango? Miji ya Faza na Pate ilikuwa na uadui wa miaka mingi, na mji wa Pate ulikuwa upande wa Oman. Kwake yeye mstari wa mbele haukuwa kati ya Ukristo na Uislamu, wala kati ya Ureno na Oman. Ulipita katikati ya kisiwa chake mwenyewe. Nadhani hili ni kweli kwa vita vingi vya zama zile: wakubwa waliupa mgogoro majina yao, lakini mahali ulipokwama paliamuliwa na ugomvi wa majirani. Na wale wanawake, je, waliulizwa? Wengi wao bila shaka waliingia ngomeni wakiwa watumwa au watumishi. Walibaki kwa sababu mlango wa nchi kavu haukuwa wao kuufungua.

Walishika zamu wiki kadhaa. Buruji za Cairati ziliwasaidia, maana sifa ya mchoro ule ni kwamba watu wachache kwenye pembe zinazofaa wanaona kila kitu. Katikati ya Septemba kusi ikaleta merikebu kutoka Msumbiji, na kati yake Santo António de Tanná, yenye mizinga 42, iliyoundwa Bassein huko India mwaka 1681. Askari wapya wakaingia. Waomani waliojaribu kuupanda ukuta kwa ngazi walirudishwa chini. Mkwamo ukajiwasha upya kama moto uliopata kuni.

Santo António de Tanná haikuondoka. Oktoba 1697 kamba zake zilikatika ikiwa imetia nanga chini ya ngome, ikasukumwa mwambani, ikapoteza usukani, ikazama karibu kabisa na pale ilipokuwa imekuja kuokoa watu. Ilikaa chini ya maji hadi wapiga mbizi na wanaakiolojia walipoifanyia uchimbaji kuanzia 1977 hadi 1980. Vitu vyake vingine vimo leo katika jumba la makumbusho ndani ya ngome: mizinga, vyungu, vyombo vya China, vitu vya mabaharia. Mimi husimama zaidi mbele ya vyombo vya kulia. Vilikuwa vya watu waliokuja na kusi wakitazamia kurudi na upepo unaofuata.

Msaada wa Desemba 1697 uliwaondoa waliochoka na kuacha wapya, kama kule Oostende. Lakini Goa haikuwa Uholanzi. Waholanzi walifika Oostende kwa safari fupi ya pwani, na maji yalijaa mara mbili kwa siku. Goa ilikuwa na msimu mmoja kwa mwaka, merikebu chache, na maadui wengine India. Mwaka 1698 ukapita, kusi ikaja ikaenda, na hakuna chombo cha maana kilichoingia. Maradhi yakarudi. Mlango wa maji ulikuwa wazi kama siku zote, ila hakukuwa na wa kuupitia. Kwa aliye ndani hiyo haina tofauti na ukuta wa Richelieu.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1698 Waomani waliupanda ukuta. Hawakuubomoa. Katika miezi yote 33 ukuta haukufunguliwa njia kwa mizinga, na hata usiku ule haukuwa na kosa lolote. Pembe zilikuwa zinaonana kama Cairati alivyozichora, lakini hakukuwa na macho ya kutosha ndani yake. Walikuwamo kapteni Leonardo Barbosa Soutomaior, watu wapatao tisa, na padri mmoja. Asubuhi ngome ikawa ya Imam.

Kaskazi ilikuwa imeshaanza kuvuma. Mbali baharini, merikebu za Goa zenye askari na chakula zilikuwa njiani, matanga yamejaa, na kwa kipimo cha safari za wakati ule zilikuwa zinakwenda vizuri. Zilifika mbele ya Mombasa tarehe 20 Desemba, siku saba baadaye, zikaona bendera ya Oman juu ya ukuta. Hazikuingia. Zilikaa kitambo nje ya miamba, kisha zikageuza na kufuata upepo kuelekea kusini.